Joto la Machi limefika Michigan: nipande lengalenga sasa au ningoje?

Swali: Mtaalamu, salamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, natoka Fizi huko Kongo, sasa naishi Grand Rapids, Michigan. Huu ni mwaka wetu wa nne hapa. Tuko katikati ya Machi na joto limefika 75 kwa hesabu yao ya Fahrenheit, karibu nyuzi 24 za Selsiasi. Tangu Jumatatu mvua inapita tu: inanyesha robo saa, jua linatoka, inarudi tena. Udongo nyuma ya nyumba umelainika kabisa. Kwetu mvua ikishuka namna hii mtu hakai ndani, anashika jembe. Nina mbegu za lengalenga (mchicha), maharage na sukuma wiki. Jirani yangu, mzee Mmarekani, ameniona nalima akasema nisipande kitu chochote mpaka Mei. Ni kweli ningoje miezi miwili na joto hili linapotea bure? Na watoto asubuhi wanakataa koti. Niwaache?

Jibu: Mama, asante kwa swali. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Sukuma wiki unaweza kuianza, na nitakuambia namna gani. Lengalenga na maharage yaache kwenye pakiti mpaka nusu ya pili ya Mei. Jirani yako amekuambia kweli, ila alipotaja "kitu chochote" alizidisha kidogo. Koti liende shuleni hata kama litakaa ndani ya begi siku nzima.

Sasa tuzungumze, maana najua jibu la "ngoja" halimtoshi mtu aliyezaliwa kwenye kilimo, naye anaona udongo mlaini na jua linawaka.

Kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki na Kati, mwaka tunauhesabu kwa mvua. Watu wa pwani wana masika na vuli. Ninyi Fizi mnajua kiangazi cha Juni hadi Agosti, kisha Septemba mvua inarudi na mashamba yanafunguliwa. Joto hatulihesabu kwa sababu lipo muda wote. Mtu aliyekaa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, hawezi kukuambia huu ni Januari au Julai kwa kusikiliza ngozi yake tu. Michigan hesabu imegeuzwa. Mvua huku haikuambii kitu, maana inanyesha miezi yote kumi na miwili, ikiwa maji au ikiwa theluji. Kinachofungua shamba ni usiku. Upo usiku mmoja, wa mwisho katika msimu, ambao baridi inashuka hadi maji yanaganda, na mmea wa nchi ya joto unaanza maisha baada ya usiku huo. Grand Rapids, kwa wastani wa miaka mingi, usiku huo huangukia mapema Mei. Huo ni wastani, maana yake miaka mingine unachelewa zaidi. Mwaka 2020 baridi kubwa ilishuka kutoka kaskazini mwa Kanada tarehe 8 na 9 Mei, watu wa Michigan wakaamka maji yameganda nje na sehemu nyingine theluji inaanguka. Mei, mama. Aliyekuwa ameshatoa miche ya nyanya nje alirudi dukani kununua mingine.

Joto hili ulilonalo wiki hii limetoka mbali. Juu sana, kama kilomita kumi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaokwenda kasi kutoka magharibi kwenda mashariki, umeizunguka dunia nzima. Kaskazini mwake ipo hewa ya baridi, kusini mwake hewa ya joto. Mkondo huo haunyooki, unapindapinda kama mto Ruzizi unavyofanya bondeni kabla ya kuingia ziwani. Ukipinda kuelekea kaskazini ukapita juu ya Kanada, Michigan inabaki upande wa kusini, na upepo wa chini unavuta hewa kutoka Ghuba ya Mexico, karibu kilomita 1,500 kutoka hapo ulipo. Ile hewa yenye unyevunyevu, inayokufanya ukumbuke nyumbani ukifungua mlango, ni ya huko. Mkondo ukisogea tena, na katika Machi husogea baada ya siku chache tu, hewa ya Kanada inateremka. Joto la saa nane mchana na la saa mbili usiku wa siku hiyohiyo vinaweza kupishana kwa nyuzi 15 za Selsiasi.

Jua nalo lina mchango wake. Tarehe 20 au 21 Machi jua linakuwa juu ya ikweta, kwa hiyo hapo Michigan linapanda kimo kilekile linachopanda Septemba 22 au 23. Ukisimama uani mchana, jua linalokupiga sasa lina nguvu ya jua la Septemba. Tofauti ipo chini. Septemba udongo na Ziwa Michigan vimekusanya joto la miezi mitatu. Machi vimetoka kwenye barafu juzi tu. Isitoshe, miti haijatoa majani. Majani yakiwepo hutoa maji hewani na kuipoza hewa. Yasipokuwepo, jua lote linaishia kwenye ardhi tupu, na hewa iliyo juu yake inapata moto haraka. Ndiyo maana siku ya jua ya Machi, ikipata upepo wa kusini, inaweza kupanda kwa namna inayoshangaza hata wenyeji. Ni joto la kuazima. Ardhi yenyewe bado ni baridi: chomeka kidole kwenye udongo wako mpaka kiungo cha pili utaniambia.

Mvua hizo zinazopita nazo si za aina ileile unayoijua ya kufungua msimu. Wakati huu wa mwaka ardhi inapashwa moto na jua, ilhali hewa ya juu, kilomita tano hivi, ingali na baridi ya kipupwe. Hewa ya chini iliyopata joto inapanda kwa nguvu, inakutana na baridi, inakuwa wingu linalosimama kama kichwa cha koliflawa. Wingu hilo lina maisha mafupi. Linapanda, linamwaga maji yake, na maji yanayoanguka yanashusha hewa baridi inayokata ile hewa ya joto iliyokuwa inalilisha. Nusu saa, saa moja, limekwisha, na upepo wa juu umeshalisukuma kwenye mtaa wa pili. Mara nyingine matone yanafika yakiwa punje nyeupe za barafu, hata siku ambayo watoto wamevaa kaptura. Kwa kuwa zinategemea jua, nyingi za mvua hizo hunyamaza jua likizama. Zile zinazokuja kwa mstari mmoja mrefu, na ngurumo, na upepo unaogeuka ghafla kutoka kusini kwenda kaskazini-magharibi, hizo ni habari nyingine. Ndizo zinazoleta ile hewa ya Kanada, na zinakuja saa yoyote.

Hapohapo nieleze ile asilimia ya mvua inayoonekana kwenye simu, maana naulizwa kila mwaka. Ukiona asilimia 40 ya mvua, haimaanishi itanyesha asilimia 40 ya siku, wala kwamba mvua itakuwa ndogo. Maana yake ni hii: zikiwepo siku kumi zinazofanana na ya leo, katika siku nne mahali ulipo patapata walau robo milimita ya maji. Redio za Tanzania husema "mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua", na kwangu mimi maneno hayo yanaeleza jambo vizuri kuliko asilimia. Mtaa wako utalowa na wa kanisani utabaki mkavu. Usitumie mvua hizo kuamua kama ardhi iko tayari kupandwa, maana zinalowesha sentimita chache za juu na zenyewe ni baridi.

Nikupe sasa mfano wa hapohapo Michigan, kwa sababu sipendi uone kwamba wenyeji wanaogopa baridi bure.

Machi 2012 joto kama hili lilikuja, lakini halikukaa siku mbili. Lilikaa zaidi ya wiki. Chicago, upande wa pili wa ziwa, kati ya tarehe 14 na 22 siku nane zilifika au kupita 80 za Fahrenheit, karibu nyuzi 27 za Selsiasi, mahali ambapo katika Machi siku kama hiyo ilikuwa ikisubiriwa miaka na miaka. Marekani nzima, ukiacha Alaska na Hawaii, iliupata mwezi wa Machi wenye joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, na rekodi zaidi ya 15,000 za joto zilivunjwa katika vituo mbalimbali. Watu walikaa nje jioni na vitoto. Ilikuwa furaha ya kweli. Baada ya miezi mitano ya giza, mwili wenyewe unashukuru.

Lakini miti haikujua kwamba joto ni la kuazima. Michigan ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya cheri chachu za Marekani, kwa kawaida karibu robo tatu, na mashamba yake yamepangana kando ya ziwa kutoka kusini-magharibi mwa jimbo hadi Traverse City kaskazini. Miti ya cheri na ya tofaa ikaamka karibu mwezi mzima kabla ya wakati wake. Chipukizi lililolala ni gumu mno: katikati ya kipupwe linavumilia baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Likishaamka linalegea siku hadi siku. Ua likishafunguka, nyuzi 2 tu chini ya sifuri kwa nusu saa zinaua moja katika kumi. Zikifika 4 chini ya sifuri, maua tisa katika kumi yamekufa. Likipasuliwa, katikati, palipo na mwanzo wa tunda, pamekuwa peusi, ingawa kwa nje ua bado linaonekana zuri.

Aprili ikaja kama Aprili zote za Michigan, na usiku wa kuganda haukuwa mmoja. Wakulima walikesha. Walioweza waliwasha mitambo mikubwa ya feni kuchanganya hewa, wengine walikodi helikopta zipite juu ya mashamba zisukume chini hewa yenye joto kidogo. Haikutosha. Karibu asilimia 90 ya cheri chachu za jimbo ilipotea mwaka huo, na tofaa nazo zikaanguka karibu vivyo hivyo. Wavunaji wa msimu waliosafiri kutoka kusini walikuta matawi matupu, na viwanda vya kusindika vikaagiza cheri kutoka Poland. Kiangazi kilipofika, majani ya miti hiyo yalikuwa ya kijani kabisa, na mpita njia asingejua kwamba kuna jambo limetokea. Usiku wa Aprili ndio uliofanya hivyo. Lakini chanzo chake, mama, kilikuwa mchana mzuri wa Machi. Baridi ileile ingekuta miti imelala isingeidhuru.

Wataalamu wa kilimo wanaliita jambo hili machipuko ya uongo, na mwenendo wa miaka ya karibuni unanitia wasiwasi. Kadiri dunia inavyopata joto, miti inaamka mapema zaidi, lakini usiku wa mwisho wa kuganda hausogei nyuma kwa mwendo uleule. Pengo kati ya viwili hivyo ndipo hasara inapoingia. Wiki moja ya joto haithibitishi mabadiliko ya tabianchi, ila wiki kama hizo zinazidi kuonekana. Februari 2024 Chicago ilipata mchana wa zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi, na asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yameganda na theluji inapeperuka.

Pengine unajiuliza inakuwaje usiku ugandishe baada ya mchana wenye jua. Hili nililijifunza kabla ya chuo. Nimekulia Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nchi ya viazi mviringo, na sakitu kwetu si hadithi. Sakitu ni ule umande ulioganda, mweupe, unaokatika chini ya mguu asubuhi. Jioni za Juni na Julai bibi yangu alikuwa akitoka nje kutazama juu. Nyota zikiwa zinawaka sana na upepo umenyamaza, alitutuma nyasi kavu za kufunika miche. Mawingu yakiwepo, alirudi ndani kuota moto. Hakuwa na kipimo chochote na sikumbuki akikosea.

Alichokijua ni hiki. Ardhi mchana inapokea joto, usiku inalirudisha angani. Mawingu ni blanketi linalozuia joto lisiende. Anga likiwa wazi, joto linapotea moja kwa moja, na upepo usipokuwepo, hakuna cha kuchanganya hewa ya chini na ya juu, kwa hiyo ubaridi unajikusanya palepale kwenye majani. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kukaa bondeni. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua vizuri: Januari, anga likiwa safi na hewa kavu, majani yanaungua kwa baridi ilhali mchana wake ulikuwa wa jua kali, na yote hayo karibu na ikweta. Sasa fikiria Michigan. Mvua zako za kupita zikishamalizika na ile hewa ya Kanada ikaingia, anga linasafika, upepo unatulia usiku, nyota zinawaka. Huo ndio usiku wa kuuogopa, na watu huusifu kwa uzuri wake.

Kuna jambo la kipimo pia. Joto unaloliona kwenye simu hupimwa kwenye kituo, kama mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini. Katika usiku wa namna hiyo majani yaliyo chini yanaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 2 au 3 za Selsiasi. Kuganda kwa Fahrenheit ni 32, lakini mimi nikiona 36 usiku na anga wazi, nafunika. Majira yangu ya kwanza ya machipuko Michigan sikufanya hivyo. Nilipanda maharage ya mbegu niliyotumiwa kutoka nyumbani, tarehe 20 Aprili, baada ya wiki nzuri kama yako. Yaliota vizuri, yakapata majani mawili mawili. Simu ikasema 35. Asubuhi mistari yote ilikuwa imelala, majani yana rangi ya mchicha uliochemshwa. Mbegu ile sikuipata tena, na mpaka leo inaniuma.

Tuje kwenye bustani yako. Nunua kipimajoto cha jikoni, kile chenye ncha ya kuchoma nyama, bei yake ni ndogo. Kichomeke kwenye udongo mpaka kama sentimita tano au kumi, asubuhi kabla jua halijapiga, siku tatu au nne mfululizo. Namba hiyo ya asubuhi ndiyo ya kweli. Sukuma wiki inaota udongo ukiwa na nyuzi 7 au 8 tu za Selsiasi, yaani 45 hivi kwa Fahrenheit, na ikishashika inavumilia sakitu ndogo. Tena sakitu ndogo huifanya tamu, kwa sababu mmea unaongeza sukari kwenye majani ili usigande. Vitunguu na njegere ni vivyo hivyo. Kwa hiyo sukuma wiki ioteshe sasa ndani, kwenye kitrei karibu na dirisha linalopata jua, uihamishe nje katikati ya Aprili ukiitoa kidogo kidogo mchana ili izoee. Ukipenda, unaweza kumwaga mbegu nje mwanzoni mwa Aprili moja kwa moja.

Maharage yanataka udongo wa nyuzi 15 na zaidi. Lengalenga inataka 18 au 20, karibu 65 hadi 68 kwa Fahrenheit. Ukiipanda kwenye udongo wa nyuzi 6 haitaota, itakaa ikilowa mpaka ioze, nawe utasema mbegu ilikuwa mbovu. Najua kungoja kunauma, lakini tazama hesabu. Lengalenga ikipata udongo wa moto inaota ndani ya siku chache, na wiki ya tano au ya sita umeshachuma. Iliyopandwa mwisho wa Mei inaifikia ile iliyotangulia mapema ikateseka, mara nyingi inaipita. Matembele na bamia yaweke kwenye kundi hilohilo, hata nyuma kidogo. Wenyeji wana kipimo chao cha kalenda: wanaanza kutoa miche ya joto kuanzia Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, na wenye tahadhari wanangoja mpaka Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Kwa lengalenga mimi nipo na hao wa mwisho.

Na jembe liweke kidogo. Udongo wa sehemu nyingi hapo una mfinyanzi, na ukilimwa ukiwa umelowa kwa mvua hizi unakuwa matofali mwezi Juni. Chukua konzi, ifinye. Ikibaki donge linalong'aa, bado. Ikivunjika ukiigusa kwa kidole gumba, lima. Ukiwa na kitu nje na usiku wa sakitu unakuja, mwagilia udongo mchana, kwa sababu udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu, halafu funika kwa shuka kuukuu au ndoo kabla jua halijazama. Plastiki isiguse majani. Asubuhi fungua.

Kuna mambo mawili hukuyauliza, lakini nisipoyasema sitalala.

La kwanza ni ziwa. Joto likifika 75 watu wanafungasha chakula na kwenda Holland au Grand Haven, watoto wanakimbilia maji. Ziwa Michigan mwezi Machi lina maji ya nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Mtoto wenu amezoea habari za Tanganyika, ziwa lenye maji ya vuguvugu mwaka mzima. Haya ni maji mengine kabisa. Mtu akitumbukia, kwanza anavuta pumzi ghafla bila kutaka, na kama kichwa kiko chini anavuta maji. Ndani ya dakika chache mikono na miguu inakataa kufanya kazi, hata kwa mwogeleaji hodari. Wakae mchangani, na ukuta ule wa zege unaoingia ziwani wasitembee juu yake, mawimbi humvuta mtu. Utashangaa pia kuona ufukweni kuna baridi wakati mjini kuna joto: ni upepo unaovuma kutoka kwenye maji hayo. Upepo huohuo ndio unaochelewesha maua ya miti ya matunda kila mwaka na kuiokoa, ndiyo sababu mashamba yaliwekwa pale.

La pili ni dhoruba. Hewa ya Ghuba ikikutana na ya Kanada, vita vinaweza kuwa vikubwa. Tarehe 15 Machi 2012, katikati ya lile joto nililokusimulia, kimbunga cha nchi kavu, tornado, kilipita Dexter, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Michigan, kikaharibu nyumba zaidi ya mia moja. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa watu walipata onyo wakashuka chini. Idara ya hali ya hewa ina maneno mawili yanayofanana, nayo yanawachanganya wageni. "Watch" ni kusema hali inaruhusu, kaeni macho, simu zisizime. "Warning" ni kusema kitu kimeshaonekana, nendeni sasa hivi: chini ya nyumba, au chumba cha katikati kisicho na madirisha, ghorofa ya chini. Wafundishe watoto maneno hayo mawili kwa Kiingereza kama yalivyo, kwa sababu ndivyo yatakavyokuja kwenye simu. King'ora kikilia, msitoke nje kutazama.

Kuhusu koti, usigombane nao asubuhi. Tazama saa ya kurudi. Kama simu inaonyesha upepo utageuka kaskazini-magharibi kabla ya saa tisa mchana, koti liende begini na kofia ndani ya mfuko wake. Mvua ya kupita imelowesha nguo, halafu joto limeshuka kutoka 75 hadi 45 mtoto akiwa anangoja basi: hapo ndipo mwili unapopoa haraka, maana maji yanaondoa joto mwilini kuliko hewa kavu. Soksi kavu za ziada zinasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Halafu mrudie yule mzee jirani. Mpelekee chochote ulichopika, umuulize katika uwanja wake sakitu ya mwisho ilipiga tarehe ngapi mwaka jana, na mwaka juzi, na kona gani ya mtaa hupigwa kwanza. Namba za kwenye simu zinapimwa uwanja wa ndege. Yeye anajua zenu.